Sura ya Saba ya Wakili Pennock

Misikhu, Bungoma
4 Februari 2024

Mpwa wangu Roselyne,

Mulembe, mtoto wa dada. Kama barua hii imekukuta unakunywa chai, maliza kwanza, kikombe kisije kikamwagikia sura hizi kama kilivyoimwagikia ya nne. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, ambayo sasa yamestaafu kabisa. Bramwel mwanangu ameninunulia simu kubwa kama sahani, ati nikutumie meseji. Nimemwambia mwalimu hatumi meseji. Mwalimu anaandika barua yenye tarehe juu na jina chini. Kwa hiyo tutaendelea kumsumbua Pauline na bahasha zetu kila anapopeleka ndizi soko la Kitale. Angekuwa mtu wa posta angeshapandishwa cheo.

Huku mvua bado. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Kanisani wamenipa kiti cha mbele ingawa sisikii mahubiri. Nadhani wananipendea kwamba silali.

Sasa kazi. Humu mna sura ya sita na ya nane, nilizozitafsiri, za maisha ya Wakili Alvah Pennock, uzipige chapa. Umeshamwona akizaliwa mwaka 1812 kwenye shamba la mawe matupu huko Vermont, Amerika. Umemwona akisomea sheria kwa jaji mmoja huku akimfagilia ofisi na kumchanjia kuni, na umeona alivyolipwa nguruwe katika kesi yake ya kwanza, na nguruwe akamtoroka njiani. Katika sura ya sita amekuwa mfanyabiashara: amejenga kiwanda cha sufu kando ya mto, watu wa kwao wamemchagua aingie bunge la jimbo. Ya nane ni uzee wake.

Uliniuliza kwa nini mzee wa Misikhu ahangaike na Mzungu aliyekufa kabla reli haijafika Bungoma. Babu yako alikuwa fundi wa mawe. Alimjengea nyumba mmisionari mmoja, Misi Pennock, kitukuu wa huyo wakili, naye alipoondoka akamwachia babu kitabu cha maisha ya mzee wao. Babu hakujua Kiingereza. Akakifunga kwa kitambaa, akaniwekea. Nilijifunza Kiingereza kwa kitabu hicho kimoja, kurasa mia tatu bila picha. Nilitaka kuwa yeye, Roselyne. Uwakili sikuupata, lakini nilipata ualimu, nikapata kinu cha kusaga mahindi, nikawa diwani. Si haba.

Msalimie mama yako. Mwambie... basi, msalimie tu.

Khocha wako,
Hesbon Sifuna


Kitale
22 Februari 2024

Khocha mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea bahasha yako pamoja na mkungu wa ndizi ambao Pauline anasema hukuutuma wewe, ila ameona haya kuja na karatasi tupu. Nimepokea pia barua yangu ya Januari uliyoirudisha na kalamu nyekundu. Kumi na nne kwa ishirini! Kuna watu huwajibu wapwa zao, wewe unasahihisha.

Sisi hatujambo. Wakili ninayemfanyia kazi alisoma habari za nguruwe juu ya bega langu akacheka mpaka mteja akadhani anachekwa yeye.

Sasa habari yangu. Unamkumbuka Gathii, yule fundi wa matrekta? Watu wao wanataka kuja nyumbani kuzungumza mahari. Mama yake, Mama Wangechi, ameniuliza kwa upande wetu nani atakaa wapi. Nilimweleza kwamba kwetu Wabukusu binti hatoki bila khocha, yaani kaka wa mama, na kwamba kuna ng'ombe wake kabisa asiyeguswa na mtu mwingine. Akauliza, "Na huyo khocha yuko?" Nikasema yuko, tena mwingi wa maneno.

Lakini tangu nipate akili sijawahi kukuona wewe na Mama chini ya paa moja. Nikiwa mdogo nilikuwa nakuja kwako likizo kwa lori la mahindi, narudi na magunia yako, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini. Nilimpa Mama salamu zako. Akaniuliza kama nimezima jiko.

Utakuja, Khocha? Niambie ndiyo au la, kwa wino wowote.

Na jambo dogo: umeruka kutoka ya sita hadi ya nane. Ya saba iko wapi?

Mpwa wako,
Roselyne


Misikhu
30 Machi 2024

Mpwa wangu,

Mulembe. Mvua imekuja na imekuja yote. Tumepanda mahindi, ndama amefunguliwa kamba, na mimi nimeanguka mara moja tu kwenye tope, mbele ya watu wachache.

Gathii namkumbuka. Alikula ugali kwangu bila kuuliza kama kuna wali. Kijana huyo nimempitisha.

Kuhusu sura ya saba, ni bahati mbaya. Mchwa waliingia kwenye sanduku la kitabu wakala kurasa zile kabisa, kuanzia 1859 hadi 1863. Wameacha gamba na uzi. Nadhani tuandike tu kwamba Pennock aliendelea kulitumikia jimbo lake kwa bidii, tusonge mbele. Msomaji hatagundua.

Nimemtumia mama yako magunia mawili ya mahindi makavu, kama kila mwaka. Yamekaushwa vizuri.

Wewe umepata kumi na sita safari hii. Unapanda.

Khocha wako,
Hesbon


Kitale
16 Aprili 2024

Khocha,

Shikamoo, na pole kwa tope. Gathii anakusalimu, anasema ugali ule anaukumbuka mpaka leo.

Sasa nisikilize kwa macho. Bramwel alipita hapa Jumamosi kutafuta spea. Nilimuuliza habari za mchwa. Akanitazama. "Mchwa gani bana? Hiyo kitabu iko sawa, iko kwa sanduku ya chuma. Hiyo page Mzee amepiga laini nyekundu, hata juzi nimempata ameishika tu, hasomi." Hayo ni maneno yake, nimeyaandika yalivyotoka, usiyasahihishe.

Kwa hiyo mwalimu wangu ananidanganya. Sikasiriki, ila umenipa njaa ya sura hiyo kuliko zingine zote.

Tarehe imepangwa: Jumamosi, 17 Agosti, hapa kwa Mama. Mzee Munene, baba mkubwa wa Gathii, ndiye atakayewaongoza wao. Jana tulikuwa tunapanga viti, mimi na Mama. Nilitaja majina mmoja mmoja, naye anaitikia. Nilipofika kwa kiti cha khocha, karibu na mlango, nikamuuliza, "Hapa je?" Mama akasema, "Hapo hapana mtu." Akainuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sijui amekusudia nini. Kama hutaki kuja, niambie mwenyewe. Usinitumie mahindi.

Roselyne


Kitale
2 Juni 2024

Khocha wangu,

Ni karibu wiki saba sasa. Pauline amekuja mara nne, mikono mitupu. Anasema alikuona kanisani, kwamba umekonda, na kwamba ulipoulizwa kama una bahasha ulitikisa kichwa ukatazama viatu.

Kama ni maneno yangu ya mahindi yaliyokuumiza, nisamehe, nilikuwa na hasira. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwenye mfuko wa unga, siku ya mvua. Bila barua zako Jumanne zangu, siku za Pauline kuja, ni ndefu mno.

Sitauliza tena habari za sura. Andika hata alama tu.

Wako,
Roselyne


Misikhu
29 Juni 2024

Mpwa wangu Roselyne,

Mulembe. Hukuniumiza wewe. Bahasha hii si ya kupigwa chapa. Msomee mama yako kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na usiruke mstari.

Mchwa hawakula kitu. Niliwasingizia kwa sababu hawana wa kuwatetea.

Sura ya saba ni hii. Mwaka 1859 Pennock alikuwa bungeni, na papo hapo alikuwa mshirika katika reli iliyotaka kupita bonde lao. Njia fupi ilikatiza bustani ya matufaha ya dada yake Lydia, aliyekuwa mjane. Baba yao alimwachia Lydia bustani ile kwa mdomo, bila karatasi, na Pennock, akiwa wakili, alijua neno la mdomo lina uzito gani mahakamani. Akasimama bungeni akasema ardhi ile haina mtu. Lydia aliyasoma maneno hayo gazetini, miti yake ikiwa imechanua.

Niliusoma ukurasa huo nikiwa kijana. Nikaona huyu ni mwanamume shupavu, anayetanguliza maendeleo kuliko nyumba yake. Nikaupigia mstari mwekundu ili nisisahau.

Mwaka 1995 nami nilikuwa diwani. Baraza letu lilitafuta mahali pa kujenga soko, nami nikataja kipande cha njia panda. Kipande hicho babu yako alimpa mama yako kwa mdomo, mbele yangu, alipofiwa na baba yako, akakataa kurithiwa na shemeji, akarudi nyumbani nawe ukiwa mgongoni. Mwenyekiti aliuliza, "Hapo pana mtu?" Nikasimama nikiwa na tai. Nikasema, "Hapo hapana mtu." Maharagwe ya dada yangu yalikuwa shambani. Na Nekesa, mama yako mwenyewe, alikuwa nje ya dirisha, amekuja kuniletea chakula cha mchana.

Hakunitukana. Aliweka sahani dirishani, imefunikwa, akaondoka. Mwezi huo huo alihamia Kitale.

Ng'ombe walioletwa kwa ajili yake, Roselyne, ndio niliowapeleka kumwolea mama Bramwel. Nyumba yangu yote, watoto wangu wote, vimesimama juu ya dada huyo. Nami nikasema hapana mtu. Na soko lenyewe halikujengwa. Walijenga lango na choo, na hadi leo wanaopita langoni ni mbuzi.

Ulipoandika maneno aliyosema juu ya kiti changu, kalamu ilinikatalia kabisa. Dada yangu hakusahau hata silabi.

Pennock alimtumia Lydia unga na blanketi za sufu kila mwaka. Kumwendea hakumwendea. Lydia alipokufa, Pennock alimchongea jiwe zuri kuliko yote pale makaburini, na kitabu kinalisifu jiwe hilo kurasa mbili nzima. Mimi nimetuma mahindi miaka ishirini na tisa. Mtu huyo nimemwiga vya kutosha. Sitaki kuchonga jiwe.

Nekesa, nilikosa. Ulikuwepo. Nilikuona.

Hesbon


Kitale
18 Julai 2024

Khocha,

Shikamoo. Kwanza mimi. Nilikukasirikia siku tatu, sana, kwa sababu nami nilikuwa mgongoni mwake. Siku ya nne nikakukumbuka. Ni shida kuwa na mjomba kama wewe, hata hasira haidumu.

Nilimsomea jikoni, akichambua mchele. Sikuruka mstari. Nilipofika kwenye ile sahani ya dirishani mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea, kwenye mchele ambao tayari ulikuwa safi. Nilipomaliza aliutia mchele kwenye maji yaliyochemka. Ndipo akasema:

"Hayakuwa maharagwe. Zilikuwa njugu mawe. Zilikuwa zimebakisha wiki mbili kung'olewa. Mwambie mwalimu asahihishe."

Ni hayo tu. Lakini tulipokuwa tunakula aliniuliza, bila kunitazama, "Na hayo masikio yake, yalianza kufa lini?" Nikamwambia ni mwaka wa nne sasa. Akaweka kijiko chini. "Na hakuna mtu aliniambia."

Khocha, hajasema uje, wala hajasema usije. Kiti kiko pale pale karibu na mlango, naona anakipangusa vumbi kila asubuhi pamoja na vingine. Zimebaki wiki nne. Nataka kuolewa nikikuona.

Roselyne


Misikhu
6 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Mulembe. Nimesahihisha: njugu mawe. Nimejipa sifuri.

Nilizitafuta hapa Misikhu sokoni, siku hizi hakuna anayelima njugu mawe, vijana wanasema zinachelewa kuiva. Nilikwenda mpaka Sirisia. Mama mmoja mkongwe, Mama Wabwile, alikuwa nazo ndani za mbegu, hakutaka kuziuza. Aliandika kwenye daftari langu, maana naye aliona sisikii: "Za nini?" Nikaandika: "Nilimng'olea dada yangu zikiwa mbichi." Akanipimia kikapu kizima, na kunitazama alinitazama vibaya.

Nitakuja tarehe kumi na saba. Bramwel ameazima gari. Nitasimama langoni na kikapu changu, sitaingia mpaka Nekesa aniite. Akiniacha hapo hadi jioni, ni haki yake. Akinirudisha, Bramwel atakaa kwa jina langu, nawe usilie mbele ya watu wa Gathii, watadhani humtaki.

Mwenzako naogopa. Nilisimama mbele ya mabaraza mengi bila hofu ya namna hii.

Khocha wako,
Hesbon


Misikhu
19 Agosti 2024

Roselyne, mke wa watu,

Mulembe! Nimerudi salama. Ng'ombe wangu wa khocha nimemkubali hata kabla hajafika, mwambieni Mzee Munene asilete mwenye pembe kali. Gathii alinipa chai kwa mikono miwili. Wewe uling'ara mpaka nikavua miwani.

Lakini nina swali, na tangu juzi silitui. Mle ndani mlikuwa mmejaa watu. Mimi nilikuwa langoni na kikapu, Bramwel bado yuko barabarani anaegesha gari. Kwa mlango uliokuwa wazi nilimwona Mzee Munene akisema kitu, kisha nikamwona Nekesa ananitazama. Midomo yake ikatamka maneno machache. Watu wote wakageuka kunitazama, na mimi nikadhani, basi, nimefukuzwa. Nilishageuza mguu mmoja. Ndipo akatoka mwenyewe, akashika kikapu upande wa pili, tukakibeba mimi na yeye mpaka ndani, kama tulivyokuwa tukibeba maji utotoni, yeye akienda haraka na mimi nikilalamika. Akanikalisha. Hakusema kitu tena, au alisema na sikusikia.

Bramwel hajui. Mama yako niliona aibu kumuuliza. Alisema nini? Hata kama ni kali, niandikie vile vile.

Khocha wako mwenye furaha,
Hesbon


Kitale
24 Agosti 2024

Khocha wangu mpendwa,

Shikamoo. Tumeanza kupumzika. Sufuria za majirani zimerudi zote isipokuwa moja, na Mama Wangechi ameomba nimfundishe kusema "mulembe". Gathii anasema sasa ana mashemeji wa kutosha kusukuma trekta.

Sura ya saba nimeipiga chapa. Mama aliniambia nisiiache, ati kitabu chenye tundu hakiuziki. Ameisoma mwenyewe kwa miwani na kusahihisha mahali pawili: anasema siku ile hukuwa na tai, ulikuwa na skafu, na kwamba chakula kwenye sahani kilikuwa kuku. Wewe na yeye kweli ni ndugu. Njugu mawe amezipanda nyuma ya jiko, mistari mitatu, zilizobaki ameweka mbegu. Anasema ukija mwezi wa kumi na mbili uje na jembe lako.

Sasa swali lako. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

Wageni walikuwa wengi kuliko viti. Mzee Munene alikuwa anatafuta pa kumkalisha mzee mwenzake, akaona kiti kitupu karibu na mlango. Hakujua chochote, maskini. Alikiwekea mkono tu, akauliza kwa adabu, "Hapa pana mtu?"

Mama aliangalia kile kiti. Kisha akatazama nje, akakuona umesimama langoni na kikapu chako. Akasema kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia isipokuwa wewe:

"Hapo pana mtu. Amechelewa tu."

Mpwa wako,
Roselyne